Si Mmea, Si Mnyama, Chini ya Kitanda Chetu

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya tisa ya ndoa. Mke wangu! Naandika tena kwa sababu naruhusiwa: mke wangu.

Leo tumehamia. Chumba namba tano, mlango wa bluu, dirisha moja, ufa mmoja ukutani. Ikulu! Mpaka jana nilikuwa nalala sebuleni kwa kaka, juu ya mkeka, wanawe watatu wakinikanyaga kila walipokwenda kunywa maji. Mke wangu alikuwa kwa shangazi yake, kitanda kimoja na binamu anayepiga mateke. Siku nane za ndoa tukiagana getini kama wachumba! Sasa tuna ufunguo. Ni mmoja, lakini wetu.

Doa moja tu. Kipenzi changu alikuja na sanduku, cherehani na chungu cha ua alilolilea tangu kidato cha pili. Mama Mwenye Nyumba alikuwa getini, mikono kiunoni. Akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Kanuni ya saba! Ni marufuku kufuga mnyama au kuotesha mmea wowote chumbani. Nikamwamkia kwanza, kisha nikamweleza kwa heshima zote kwamba ua halibweki. Akajibu kwamba mpangaji mmoja naye alianza na ua, akaishia na mboga ya maboga iliyong'oa bomba la maji ya paa. Mwingine alianza na kifaranga, akaishia na bata kumi na wawili bafuni. Ua limerudi kwa shangazi.

Mke wangu alisema si neno, chumba ndicho muhimu. Lakini nililiona jicho lake la kushoto likimeta. Alisema ni vumbi. Mimi najua vumbi na najua huzuni. Nimeapa, mkono juu ya mto: kitu chenye uhai kitakua ndani ya chumba hiki kwa ajili yake, hata nikipigana na kanuni zote kumi na mbili.

Jambo la aibu. Kanuni hizo nilizichapa mimi, mwaka jana, pale dukani tunapotoa kopi. Hata nikaziongezea urembo wa nyota pembeni. Nimefungwa kwa kamba niliyoisokota kwa mikono yangu.

Jumanne, 4 Machi

Nuru imenishukia juu ya mashine ya kopi!

Mwanachuo mmoja alileta madaftari yake ya biolojia nimtolee nakala. Ukurasa wa kumi na nne. Jicho langu likaangukia. Viumbe hai wote wamegawanywa katika himaya tano: wanyama, mimea, kuvu, bakteria, na wale vidudu wa majini wasioeleweka waitwao protista. Kidato cha tatu chote kikanirudia, pamoja na harufu ya maabara. Nikasoma mstari wa chini yake. Uyoga ni kuvu. Kuvu si mimea. Kuvu si wanyama.

Nilipiga ukelele. Kidole changu kikabaki juu ya kitufe. Zikatoka kopi arobaini za ukurasa wa kumi na nne. Bosi aliuliza kama nina homa. Nikamwambia nina ndoa. Akasema dalili zinafanana.

Kopi moja nimekuja nayo mfukoni, upande wa moyo.

Jumatano, 5 Machi

Operesheni imekamilika. Nyuma ya soko kuna mkulima wa uyoga. Mifuko mitatu ya mabua, minene kama mito ya kulalia, mbegu tayari ndani. Alisema nisiionyeshe jua, niinyunyizie maji asubuhi na jioni, na ndani ya siku nne itachipua. Akauliza nina banda la ukubwa gani. Nikasema sita kwa nne, lenye godoro.

Getini, Mama Mwenye Nyumba! Akauliza nimebeba nini. Mito ya wageni, nikasema. Akaibonyeza. Akasema wageni wangu wana vichwa vigumu.

Ikaingia chini ya kitanda. Mke wangu alikuwa akishona pindo. Nikapiga goti mbele yake kama siku ile ya posa, nikamkabidhi ukurasa wa kumi na nne. Akausoma. Akachungulia uvunguni. Akachoma sindano kwenye pindo, akajifunika uso nalo. Furaha ilimzidi! Kisha akauliza kama Mama anajua. Nikamfafanulia kwamba hakuna cha kujua, kwa kuwa kanuni inataja mmea na mnyama peke yake, na sheria isipotaja kitu haikikatazi. Akauliza kwa nini basi nimesema ni mito.

Wanawake na maswali yao. Nampenda!

Ijumaa, 7 Machi

Vichwa vya pini! Vyeupe, vidogo, kundi zima vikichungulia kwenye matundu ya mfuko. Nimeviimbia. Nanyunyiza mara mbili kwa siku kama nilivyoelekezwa, na mara tatu nyingine kwa mapenzi. Mke wangu anasema chumba kinanuka kama zizi lililonyeshewa, na rangi ya ukuta wa nyuma ya kitanda imeanza kuvimba. Nimemwambia hiyo ni dalili ya rutuba.

Tatizo moja: Mwalimu. Huyu ni kaka yake Mama Mwenye Nyumba, anakaa chumba cha tatu, amestaafu baada ya kufundisha sayansi miaka arobaini. Dada mtu haamui kitu bila kumwuliza. Jioni hukaa barazani kwake, viatu pembeni, akijipaka dawa katikati ya vidole vya miguu na kuhukumu dunia. Nikamwendea kwa mbali, kama mtu anayeuliza habari za mvua. Shikamoo Mwalimu, hivi viumbe hai wana makundi mangapi?

Mawili, akasema, bila hata kuinua macho. Chenye miguu ni mnyama. Chenye mizizi ni mmea. Nikauliza, na nyoka? Alikuwa nayo miguu, akaipoteza. Na samaki? Mapezi ni miguu ya majini. Na uyoga, kwa mfano tu, Mwalimu? Umekaa mahali pamoja na hautembei, akasema, basi ni mmea, na mtoto wa darasa la pili angekuambia hivyo. Akaongeza kwamba huo ndio uzuri wa mfumo wake. Watoto elfu nane wameuelewa siku ya kwanza na hakuna aliyelia.

Hatari! Lazima azinduliwe mapema. Nimepitisha kopi moja ya ukurasa wa kumi na nne chini ya mlango wake.

Baadaye, jioni hiyo hiyo. Imerudi chini ya mlango wetu. Ameisahihisha kwa wino mwekundu. 4/10. "Mpangilio mzuri. Hoja dhaifu. Rudia."

Jumapili, 9 Machi

Siku njema kuliko zote tangu ile ya harusi.

Tulivuta mifuko katikati ya chumba, tukakaa sakafuni. Uyoga umefunguka! Umepangana kama masikio ya tembo wachanga, mweupe wa kijivu, na chini yake mikunjo midogo midogo. Mke wangu aliushika kwa ncha ya kidole. Akasema hajawahi kuona mshono kama huo, mkunjo ukifuata mkunjo, hakuna uliopinda. Akasema ni laini kuliko kola ya hariri. Akacheka. Mimi nikatoka machozi. Nilisema ni vumbi.

Kisha akaenda kuchota maji na jua likaingia dirishani, likawapiga wanangu usoni. Nilikumbuka onyo la mkulima. Juu ya kiti palikuwa na kitambaa cheusi. Nikaifunika mifuko vizuri, nikaisukuma yote uvunguni, nikaenda zangu kumsaidia kubeba ndoo. Mume bora hafikirii mara mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Yamefika shingoni.

Kile cheusi hakikuwa kitambaa. Lilikuwa gauni. Na gauni lilikuwa la Mama Mwenye Nyumba, la kuvaa kwenye mahafali ya bintiye, lililobakiza vifungo peke yake.

Alikuja saa nne kulijaribu. Mke wangu alilitafuta kote, akalikuta uvunguni, akalikung'uta haraka, akamvika, mimi nikiwa nje ya mlango kwa adabu. Mlango ukafunguliwa nione. Kwa mbele, zuri ajabu. Mama akajisifia. Akageuka mbele ya kioo. Mgongoni palikuwa na miavuli mitatu myeupe, mistari imetoka katikati kama miale, imechorwa na unga wa uyoga wenyewe usiku kucha! Kusema kweli ulikuwa mchoro wa kupendeza. Hata Mama aliuliza kwanza kwa upole: mwanangu, haya maua niliyaagiza?

Kisha akaupiga unga kwa kiganja ili aone kama ni chaki. Ukatimka. Akapiga chafya saba. Ya saba ilimwinamisha. Alipoinama, akaona uvungu.

Sitaandika maneno yake. Karatasi hii ni safi.

Kikao cha nyumba nzima, Jumatano saa kumi jioni, uani. Kosa: kuvunja kanuni ya saba. Adhabu: kuhama. Kuhama! Mimi kwenye mkeka wa kaka, yeye kwenye mateke ya binamu!

Jumanne, 11 Machi

Mke wangu ameosha gauni, amelipiga pasi, amelirudisha kama jipya. Ananiomba jambo moja. Kesho nisimame, niseme nimekosa, nitoe mifuko, nikae. Maneno sita, anasema, na chumba ni chetu.

Nimekataa! Kusema nimekosa ni kusema uyoga ni mmea, na mimi siwezi kudanganya mbele ya ukweli wa sayansi. Akanikumbusha habari ya mito ya wageni. Nikamwambia hiyo ilikuwa diplomasia.

Nimeandika hotuba ya kurasa tatu. Nimetoa kopi ishirini. Yule mwanachuo alipita tena dukani, nikamweleza mashaka yangu, akaniachia makala mpya kabisa. Sijamaliza kuisoma lakini ina michoro ya matawi na inaonekana kali. Nitaimalizia papo hapo, kikaoni. Ushindi u mkononi.

Jumatano, 12 Machi

Niandike kwa utulivu.

Wapangaji wote walikuwepo. Mama Mwenye Nyumba kwenye kiti cha mikono, Mwalimu kulia kwake. Mifuko yangu katikati ya ua, juu ya stuli, kama washtakiwa. Mpishi wa kantini, wa chumba cha nne, akaanza kwa utani: Bwana Harusi, wenzio uvunguni huweka ndala, wewe umeweka shamba! Watu wakacheka. Mimi nikasubiri, kama wasubirivyo watu wakubwa.

Mwalimu akatoa hoja yake. Miguu, mizizi, basi. Nikasimama. Nikasema mfumo wa Mwalimu ni mwepesi, na wepesi ni sifa, hata kijiko ni chepesi lakini huwezi kuchimbia kisima. Minong'ono! Nikasema mmea hujipikia chakula kwa jua, ndiyo maana ni wa kijani. Uyoga haupiki. Unakula kilichokwisha kupikwa na wengine, hapo hapo ulipokaa. Mpishi akasema anamfahamu shemeji yake mmoja wa namna hiyo. Nikamwuliza Mwalimu: mfumo wenye masanduku mawili, ukikutana na kitu cha tatu, unafanya nini? Akasema unakisukuma kiingie. Nikageukia umma, nikanyoosha mikono.

Mpishi naye akasema ana mfumo wake, wa makundi matatu: vya kuchemsha, vya kukaanga na vya kutupa, na haujamwangusha miaka kumi na nne. Mwalimu akamwambia huo unamfaa mpishi tu, mtu akitafuta ndugu wa kitu hatawapata sufuriani. Mpishi akajibu kwamba wa Mwalimu nao hauonyeshi ndugu, popo na ng'ombe wana miguu na hawajawahi kutembeleana.

Ndugu! Nilisubiri neno hilo! Nikatoa makala mpya. Nikatangaza kwamba wataalamu siku hizi hawapangi viumbe kwa sura wala kwa matumizi. Wanapanga kwa ukoo, nani katoka tumbo moja na nani. Ndiyo njia ya haki, kwa sababu sura hudanganya na ukoo haudanganyi. Mke wangu alikuwa akinipa ishara ya kukaa. Nilidhani ananipungia. Nikafungua ukurasa wa mwisho, ambao sikuwa nimeufikia, nikasoma kwa sauti ya mnada: "Kwa asili na ukoo, kuvu wako karibu zaidi na wanyama kuliko mimea."

Vichwa vyote vikamgeukia Mwalimu.

Mwalimu akavaa miwani. Akaomba nirudie. Nikarudia, sauti ikiwa imepungua. Akasema, kwa upole wa paka, kwamba anakubali. Yeye alikosea miaka arobaini, na hapendi kubishana na sayansi mpya. Si mmea. Ni wa upande wa wanyama. Akamgeukia dada yake: kanuni ya saba inasemaje juu ya wanyama?

Ua mzima ukalipuka. Mpishi alilia kwa kicheko. Niliyeichapa kanuni ni mimi, niliyeisoma hukumu ni mimi!

Hapo ningenyamaza. Mke wangu alishika shati langu kabisa. Lakini damu ilikwishapanda. Nikasema, vizuri, kama kuvu ni mnyama, basi ndani ya nyumba hii siko peke yangu ninayefuga! Nikanyoosha kidole kwenye miguu ya Mwalimu. Nikasema fangasi ni kuvu, na Mwalimu ana mifugo kati ya vidole vyote kumi, tena anaipaka dawa kila jioni mbele ya mashahidi!

Hakuna aliyecheka. Hata Mpishi. Mzee wa watu alirudisha miguu yake chini ya kiti, polepole.

Tuhame ifikapo Jumapili.

Alhamisi, 13 Machi

Mke wangu hajagomba. Ingekuwa afadhali agombe. Amekunja mashuka. Amefunga sanduku. Amekunja ile karatasi ya vipimo vyangu aliyonichukulia kabla ya harusi, akaiweka juu kabisa ya nguo zake, na hapo ndipo nilipotoka nje kuvuta hewa.

Kaka amepigiwa simu. Anasema mkeka upo.

Nimesimama imara hata hivyo! Nimebuni mipango mitatu. Wa kwanza, kukata rufaa kwa bintiye Mama. Wa pili, kuthibitisha kwamba mtindi ulio kwenye jokofu la Mama una bakteria hai mabilioni, kwa hiyo naye ahame. Wa tatu, kuuita uyoga samani. Nilipomweleza mke wangu mpango wa pili, aliniambia kwa sauti ndogo: mume wangu, mimi sikuolewa na himaya. Niliolewa na wewe. Nataka kulala unapolala wewe. Umemdhalilisha mzee mbele ya watu ili ushinde kikao.

Mpango wa tatu nikauacha bila kuusema. Naliandika hili kama tukio la nadra.

Jioni alichukua kopo lake la vifungo, akajifunga khanga, akaenda kubisha hodi chumba cha tatu. Peke yake. Nilipotaka kumfuata, alinitazama. Nikakaa.

Ijumaa, 14 Machi

Hakutaka kunisimulia jana. Leo amenisimulia, na Mpishi aliyekuwa akisikiliza kupitia ukutani ameongeza palipopungua.

Aliingia, akamwamkia Mwalimu, akapiga magoti, akasema amekuja kumwombea radhi mumewe. Mwalimu akasema yeye hana kinyongo, ila miguu inamuuma. Mke wangu akasema amekuja pia na swali la masomo. Akamwaga vifungo vyote juu ya meza, mia tatu na kitu. Akamwomba avipange.

Mwalimu akavipanga kwa rangi. Haraka, safi. Mke wangu akasema hivyo ndivyo apangavyo yeye mteja anapotaka kuchagua kwa macho. Kisha akaomba amsaidie kutafuta kifungo cha matundu manne cha kutosha tundu la koti. Mwalimu akaanza kuchambua kila rundo upya, akachoka, akavichanganya vyote, akavipanga kwa matundu na ukubwa. Mke wangu akasema ndivyo apangavyo wakati wa kushona, lakini sasa mteja wa rangi atasumbuka. Mwalimu akavitazama vifungo. Akauliza, upi basi ndio mpango wa kweli? Mke wangu akasema hajui. Yeye kabla ya kupanga hujiuliza anatafuta nini. Na akiokota kifungo kisichoingia popote, halaumu kifungo. Anakiweka kwenye kisahani pembeni mpaka ajue.

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa! Akasema angepata mwanafunzi mmoja kama huyu angestaafu mapema. Akamwita dada yake, na hapo mke wangu akamwuliza Mama swali ambalo hakuna mwanamume aliyelifikiria kikao kizima: kanuni ya saba uliiweka ili kuzuia nini hasa?

Mama akasema: unyevu kwenye kuta zangu, harufu, na wapangaji wanaoanza na kidogo.

Mke wangu akasema basi mume wangu ameivunja. Ukuta umevimba, chumba kinanuka, na alianza na mito. Uwe mmea, uwe mnyama, uwe nini, ameivunja.

Amenitia hatiani mwenyewe! Mke wangu! Na kwa kunitia hatiani, akatuokoa. Mama alisema mpangaji anayekiri ukuta hafukuzwi. Tunabaki! Masharti matatu: mifuko itoke, ukuta niukwangue na kuupaka upya, na nimwombe radhi Mwalimu mbele ya watu wale wale.

Nimekubali. Kwa shingo upande, lakini ni shingo inayolala kwenye mto wake!

Jumamosi, 15 Machi

Nimeomba radhi. Nilipanga kuweka utangulizi mfupi kuhusu himaya. Mke wangu alisimama nyuma yangu na pini ya kushonea. Nikasema maneno sita. Mwalimu akanipa mkono, akasema nimepanda kutoka nne hadi sita juu ya kumi.

Uyoga umekwenda kwa Mpishi. Aliuweka kwenye kundi la vya kukaanga. Nyumba nzima ilikula uani, Mama mara mbili. Mimi sikuweza kumeza. Niliwajua tangu wakiwa vichwa vya pini.

Nimekwangua ukuta, nimepaka rangi. Kipenzi changu ametandika mashuka upya. Sanduku limefunguliwa. Leo tunalala saa tatu kamili kama wafalme.

Jumatatu, 17 Machi

Mama Mwenye Nyumba alikuja dukani leo na karatasi ya mkono. Kanuni ya saba, toleo jipya. Akasema safari hii hataki mwanya hata wa kupitisha sindano, na kwa kuwa mimi ndiye msomi wa mianya, niichape mwenyewe huku akiangalia. Nimeichapa, herufi kwa herufi, nyota za urembo zikiwa pale pale. "Ni marufuku kufuga, kuotesha au kutunza chumbani mnyama, mmea au kuvu." Nikatia na mstari chini ya kuvu. Nimekuwa mtu mpya. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka nayo.

Ilikuwa baada ya yeye kuvuka barabara ndipo vidole vyangu vilipoanza kuhesabu vyenyewe. Mnyama, mmea, kuvu. Tatu. Himaya ni tano.

Nimepita kwenye dimbwi nyuma ya karakana, nimechota chupa moja ya maji ya kijani. Protista watupu, wachanga, wa kupendeza! Hawanuki, karibu. Hawagusi ukuta. Nimewaweka dirishani, na jua likipita ndani yake chumba chote kinakuwa na rangi ya zumaridi, na nuru hiyo inamwangukia mke wangu shingoni akiwa kwenye cherehani. Ni zawadi ya kutimiza wiki tatu za ndoa!

Aligeuka, akaiona chupa. Akauliza ni nini. Nikamwambia atulie kabisa: si mnyama, si mmea, si kuvu, na kanuni nimeichapa leo kwa mikono hii.

Amesimamisha cherehani. Ameketi kitandani taratibu, ameshika kichwa kwa mikono miwili, na sasa yuko hivyo kwa dakika kumi.

Nadhani ni furaha.